Mzinga wa Mama Mgeni

Leticia Maduhu anauza dagaa kwenye soko la Mpanda, na ukitaka kumuudhi, muulize kama dagaa wake wana mchanga. Hatakujibu. Atachota kiganja kizima, atakifikicha mbele ya macho yako, kisha atakifungua uone mwenyewe kilichobaki. Dagaa wake hutoka Ikola, na wanawake wanaowaanika anawajua kwa majina. Anajua nani anaanika juu ya chanja, na nani anaanika chini mchangani halafu anaapa kwa watoto wake kwamba ni chanja. Miaka ishirini na miwili ya kazi hiyo imempa tabia moja isiyotibika: haamini anachoambiwa mpaka akinuse.

Ndiyo maana inashangaza kwamba mwanamke huyo huyo, kwa miaka kumi na miwili mfululizo, alipiga magoti mahali ambapo moyo wake ulikuwa unapakataa, na hakusema neno.

Wazazi wake walikuwa miongoni mwa familia saba za Kisukuma zilizohama kutoka Shinyanga mwaka 1983, ng'ombe mbele, mikokoteni ya maksai nyuma, kutafuta malisho. Walihama na kanisa lao pia. Kwenye mkokoteni wa mzee Maduhu, kati ya magunia ya mtama na masufuria, kulikuwa na ngoma ya kwaya na kitabu kimoja cha nyimbo kilichofungwa kwa ngozi ya mbuzi. Leo kanisa hilo liko Kawajense, lina bati jipya na spika zinazowaamsha hata wasiosali, na gurudumu la mkokoteni ule limetundikwa ukutani karibu na mimbari. Watoto huambiwa wasiliguse, kwa hiyo hakuna mtoto ambaye hajaligusa.

Kila Julai, mavuno yakishaingia ndani, waumini hufanya safari ya kuwakumbuka waanzilishi. Huanzia mbali, kwenye kivuko cha Koga, pale mkokoteni wa Maduhu ulipozama mpaka ekseli na watu wakapakua kila kitu, wakausukuma huku wanaimba. Kisha hurudi nyuma kufuata njia ile ile ya wazee, wakisimama kwenye mwamba ilikofanyika ibada ya kwanza ya porini, kisima cha kwanza walichochimba, na mwisho, kabla ya kufika Inyonga, kaburi la Nyamizi. Nyamizi ndiye mama yake Leticia. Alifia njiani wakati wa kujifungua, na mtoto wake akazikwa naye.

Kaburi hilo lilitafutwa sana. Mzee Maduhu hakupenda kulizungumzia. Siku mama anafariki yeye hakuwepo, maana wanaume walikuwa wamepita na ng'ombe njia ya malisho, na wanawake na watoto walikuwa na mikokoteni. Alifika siku mbili baadaye, akiwa na kijana wake mkubwa, Zefania, wa miaka tisa. Walichokuta ni udongo mbichi. Maduhu alikata miche ya minyaa aliyokuwa amebeba kwa ajili ya boma lake jipya, akaipanda kuzunguka kaburi, kama Msukuma yeyote anavyozungushia kitu asichotaka kipotee, na wakaondoka. Hakurudi tena. Mwaka 2009, akiwa kitandani, ndipo alipomwambia Zefania: tafuteni duara la minyaa, kusini mwa njia, karibu na kijito.

Zefania alitafuta miaka mitatu. Mwaka 2012 akalipata: duara zuri la minyaa iliyokuwa mirefu kuliko mtu, kusini mwa njia, kijito kikiwa hatua mia mbili tu. Alirudi Mpanda analia na kucheka kwa pamoja, na Jumapili iliyofuata kanisa zima lilisimama. Tangu siku hiyo ni mzee wa kanisa, na hakuna anayebishana naye juu ya historia.

Leticia hakubishana pia. Lakini yeye alikuwepo siku ya mazishi. Alikuwa na miaka sita, na kumbukumbu aliyonayo ya mama yake ni hiyo moja tu. Amekaa kwenye mkokoteni, hataki kushuka. Mtu asiyemjua, anayenuka moshi, anamwekea mkononi kipande cha sega la asali. Anatazama juu, na miti mikubwa imeziba mbingu, na kuna mvumo wa nyuki. Chini, watu wanafukia. Anakula sega. Kwa miaka mingi alijionea aibu kwa kitendo hicho, kwamba mama anafukiwa naye yuko juu ya mkokoteni analamba vidole.

Sasa kwenye lile duara la minyaa hakuna mti mkubwa hata mmoja. Ni peupe, jua linakupiga utosini, na ukitazama juu unaona mbingu yote. Alipokuwa msichana aliwahi kumsimulia baba yake habari ya nyuki, naye akamwambia, "Ulikuwa mdogo, mwanangu. Uliota." Kwa hiyo kila Julai Leticia alipiga magoti penye jua kali na kujiuliza swali lile lile. Kama hapa ndipo, basi sega lile lilikuwa ndoto, na kama lilikuwa ndoto, basi hana chochote cha mama yake, hata hicho kimoja.

Angeendelea kunyamaza mpaka anazeeka. Lakini mwaka huu Zefania aliamua kaburi lijengewe.

Walikwenda familia peke yake, wiki moja kabla ya msafara wa kanisa. Walipanda kirikuu, gari dogo la mizigo la Lucas, mume wa binti yake Leticia. Mbele alikaa Lucas na mkewe Dorice, amepakata mtoto wa miezi miwili. Nyuma, juu ya mifuko mitano ya saruji, walikaa Zefania na Leticia wakitazamana, na kila tuta walilopita liliwaongezea vumbi la kijivu usoni. Walipitiliza kwanza hadi kwenye mwamba wa ibada ya kwanza, wakaimba ubeti mmoja, wakasali kwa kifupi kwa sababu mtoto alikuwa analia, wakageuza kurudi kaburini.

"Leti, umenyamaza sana leo," Zefania alisema.

"Saruji imeniingia mdomoni, kaka."

Uongo huo ulikuwa na ukweli ndani yake, na Zefania akaridhika nao.

Kwenye minyaa walishusha mifuko, chepeo, na kibao cha chuma chenye jina la mama lililoandikwa kwa rangi nyeupe. Zefania akatoa futi, akaanza kupima. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba dumu moja la maji limevuja lote njiani, na kile kijito kilikuwa kimebaki tope na nyayo za ng'ombe. Lucas alitaka kulaumu dumu, Dorice akataka kumlaumu Lucas. Leticia akabeba ndoo mbili, akasema atakwenda kuomba maji kwenye nyumba zile zenye moshi kule juu. Ukweli ni kwamba hakutaka kuwepo wakati jembe la kwanza linapiga. Dorice alimfuata na mtoto mgongoni.

Walimkuta mzee mmoja amekaa kwenye kigoda, anachonga gogo la mzinga kwa tezo. Alikuwa Mkonongo, mwenyeji wa nchi ile, wa umri wa kama miaka sitini na tano, mkavu, mikono yake imejaa makovu madogo. Nyuma yake kulikuwa na mizinga mingine mitatu iliyokamilika, kila mmoja umechongwa alama ya mistari miwili na nukta ubavuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mimi ni Sylvanus. Maji yapo, naona ndoo. Ya kunywa au ya nini?"

"Ya kuchanganyia saruji, baba. Tunajengea kaburi la mama yetu."

"Kaburi? Liko wapi?"

"Hapo chini, kwenye minyaa."

Mzee Sylvanus aliweka tezo chini taratibu. Alimtazama Leticia, akamtazama Dorice, kisha akajifunika mdomo kwa mkono.

"Kumbe ni nyie! Sisi tunawaonaga kila mwaka. Mnakuja na magari, mnaimba, mnalia pale. Mke wangu akasema, labda ni dini yao, wanaombea ndama."

"Ndama gani, baba?"

"Pale ni zizi la ndama, mama. La Msukuma mwenzenu mmoja alikaa hapa miaka ya tisini, masika mawili tu, akahama. Mimi mwenyewe nilimsaidia kuchimbia ile minyaa."

Dorice aligeuka upande kwa haraka na mabega yake yakaanza kutikisika. Si vizuri kumcheka mama, lakini miaka kumi na miwili ya sala na machozi, na kwaya na sare zao za zambarau, vyote juu ya samadi ya ndama, havikuwa jambo dogo. Leticia hakucheka. Alipindua ndoo moja, akakaa juu yake. Alitaka kuuliza na akaogopa kuuliza, maana mzee huyu akisema hajui, mlango wa mwisho utakuwa umefungwa.

"Baba," alisema hatimaye, "huku kwenu hajawahi kuzikwa mwanamke mmoja, alikuja na mkokoteni wa maksai?"

"Yule aliyefia uzazi?"

Leticia aliitikia kwa kichwa.

"Huyo tulimzika sisi na wenzake. Baba yangu, mzee Optatus, na mimi. Walikuja kuomba watu wa kuchimba, wanaume wao walikuwa mbali na ng'ombe." Mzee alinyoosha mkono kuonyesha kimo kidogo kutoka ardhini. "Kulikuwa na katoto ka kike, kamekaa juu ya mkokoteni, hakataki kushuka. Baba akakapa sega la asali."

"Kakanyamaza?" Leticia aliuliza.

"Wapi! Kalikula huku kanalia."

"Ni mimi," Leticia alisema. "Baba, ni mimi yule."

Mzee Sylvanus alisimama, akamshika mikono yote miwili, akaitazama kana kwamba anatafuta asali iliyobaki. Leticia alilia pale kwa sauti, mbele ya mtu aliyemfahamu robo saa, na hayakuwa machozi ya msiba. Hakuwa ameota. Miaka arobaini na moja, na hakuwa ameota.

Katikati ya hayo Zefania alitokea, futi mkononi, jasho linamtiririka. "Leti, nyie mnachota maji au mnachimba kisima?" Kisha akaona machozi. Ikabidi aelezwe, na hakuna aliyetaka kumweleza. Mwishowe mzee Sylvanus alieleza yote, isipokuwa habari ya kuombea ndama, ambayo aliimeza kwa heshima ya mgeni.

Uso wa Zefania ulibadilika rangi chini ya saruji. "Haiwezekani, mzee wangu. Baba yangu alipanda minyaa. Sikuambiwa mimi, nilikuwepo. Nilishika miche kwa mikono hii."

"Nilikuona," mzee alisema. "Kijana mwembamba, shati la bluu, umesimama nyuma ya baba yako. Miche ilikuwa inatoa utomvu, ukawa unajifuta machoni, na ule utomvu unaunguza. Mama yangu akakuosha na maziwa."

Zefania hakuwahi kumsimulia mtu yeyote habari ya yale maziwa. "Basi minyaa iko wapi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya yule kijana wa miaka tisa.

"Twende."

Walitembea kama dakika kumi, wakavuka njia, wakaingia msituni upande wa kaskazini. Maana hata kusini ilikuwa kosa; njia ya gari ilihamishwa baadaye, na ile ya mikokoteni ilipita juu zaidi, kaskazini mwa kaburi. Huko miti ilikuwa mikubwa na kivuli kilikuwa kizito. Mzee Sylvanus alieleza huku wanatembea. Minyaa inataka jua. Kwenye mbuga za Shinyanga ukichomeka kijiti leo, kesho kutwa ni ukuta, na mtu aliyezaliwa huko hawezi kufikiri kwamba kuna ardhi itakayoikataa. Chini ya miti ya huku haishiki. Ile ya Maduhu ilinyauka yote kabla ya mvua za pili.

"Tulimwona anapanda, tukanyamaza," mzee alisema. "Mtu amefiwa na mke, utaanza kumfundisha habari ya minyaa?"

"Basi mliwezaje kupajua?" Dorice aliuliza.

Mzee alisimama chini ya mninga mnene, mninga ambao kwingine ungekuwa umeshageuka kitanda cha mtu mjini, akaelekeza kidole juu. Kwenye tawi la kwanza ulilala mzinga wa gogo. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka, na mvumo wao ulijaza pale mahali. Leticia alifumba macho kuusikiliza. Alikuwa ameshaujua.

"Baba alisema, hawa watu wanapita, hawatarudi upesi. Asipowekwa alama, kesho mtu atalima tumbaku juu yake. Akatundika mzinga. Huku kwetu hakuna anayekata mti wenye mzinga wa mtu, wala kulima chini yake. Ukioza tunachonga mwingine. Huu ni wa tano."

"Lakini alama yake si yenu," Leticia alisema. Ubavuni mwa mzinga hapakuwa na mistari miwili na nukta. Palichongwa duara lenye vijiti vinavyokutana katikati.

"Ni gurudumu. Jina lake hatukulijua, tulijua mkokoteni tu. Tunamwita Mama Mgeni. Na asali ya mzinga huu hatuuzi. Baba alikataza. Alisema mama huyu alikufa anazaa, basi asali yake ni ya wazazi. Kila mwanamke wa kijiji hiki akijifungua tunampelekea chupa moja. Binti zangu wote wamekula, na wakwe zangu, na wajukuu. Hata nesi wa zahanati tulimpelekea."

Lucas alivua kofia. Dorice aliyekuwa akicheka saa moja iliyopita alikuwa anajifuta macho kwa kanga ya mtoto. Leticia alipiga magoti pale, juu ya majani makavu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisali kaburini kwa mama yake bila kuuliza swali. Alishukuru tu. Alimshukuru Mungu, kisha akamshukuru mzee Optatus kwa jina, ambaye hakumfahamu zaidi ya harufu ya moshi.

Zefania alibaki amesimama. Watu waliomjua wangetegemea hotuba. Aliuzunguka mninga mara moja, akatazama ardhi kama anayetafuta kijiti kimoja tu cha minyaa kilichosalia, hakukiona. Kisha akamgeukia dada yake.

"Wewe ulikuwa unajua."

"Sikuwa najua, kaka. Nilikuwa nakumbuka."

"Na hukuniambia."

"Ungenisikiliza?"

Zefania alifikiri, na tumpe haki yake, alifikiri kwa uaminifu. "Nisingekusikiliza," alisema. "Nisamehe, mdogo wangu." Akamshika bega, kitu ambacho alikuwa hajakifanya tangu wamzike baba yao. "Lucas! Mifuko ile irudi kwenye gari. Hapa pamejengewa tayari."

"Na Jumapili ijayo, mjomba?" Dorice aliuliza. "Msafara wote utashukia pale kwenye ndama."

"Nitasema mwenyewe. Nitasimama mbele ya kanisa niseme. Wacheke." Halafu yeye mwenyewe akaanza kucheka, kidogo kidogo, mpaka akalazimika kuushika mninga, na machozi yakamchorea mifereji kwenye saruji ya mashavuni.

Walirudi nyumbani kwa mzee Sylvanus. Saruji ilishushwa huko, kwa ajili ya sakafu ya nyumba yake, na akaikataa mara tatu kabla ya kuipokea. Kisha akaingia ndani, akatoka na chupa ya asali nyeusi, na sega moja kwenye bakuli la bati. Akampita Zefania, akampita Leticia, akasimama mbele ya Dorice.

"Hii ni yako. Umejifungua juzi, ni haki yako. Ya kwako wewe, mtoto asipewe, bado mdogo." Akachungulia kwenye kanga. "Anaitwa nani huyu?"

"Nyamizi. Nimempa jina la bibi yangu. Yule wa kule kwenye mninga."

Mzee Sylvanus alilitamka jina hilo polepole, mara mbili, kama mtu anayeonja. "Nyamizi," alisema. "Miaka yote hii tunamwita Mgeni. Nitaliongeza pale chini ya gurudumu."

Dorice alipokea chupa kwa mikono miwili. Alichovya kidole, akalamba, na mtoto akaanza kunyonya bila kujua kwamba jioni ile, kupitia maziwa ya mama yake, atalishwa na Nyamizi mkubwa. Leticia aliliona hilo, akamfunika mtoto miguu kwa kanga.

Mzee alimsogezea bakuli lenye sega. "Na hili ni la yule aliyegoma kushuka kwenye mkokoteni."

Leticia alikata kipande. Alikinusa kwanza, kama ilivyo kawaida yake, na moshi ulikuwemo. Kisha akala, na safari hii hakuona aibu.